Ubongo wa Mwanafunzi na Kazi ya Mwalimu



Liko swali moja linaloulizwa kila siku katika madarasa ya nchi hii, ambalo jibu lake hujulikana kabla halijatolewa. Mwalimu akiisha kueleza somo huweka chaki chini, akageuka na kuuliza: "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Sauti hiyo husikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu, na apitaye njia huamini kwamba kazi imefanyika. Wiki tatu baadaye, karatasi za jaribio zikisahihishwa, wengi wa walioitikia ndiyo hawakuandika cha maana. Hapo ndipo lawama huanza. Watoto huitwa wavivu, wazito, wenye vichwa vigumu. Wengine huchapwa viboko. Mzazi akiitwa shuleni naye huongeza lake, na mtoto hurudi nyumbani akiwa amekwisha kusadiki kwamba hakuzaliwa kusoma.

Katika lawama hizo zote, kiungo chenyewe kinachofanya kazi ya kujifunza hakitajwi na mtu. Seremala huutazama uelekeo wa nyuzi za ubao kabla ya kupitisha randa, na mkulima huupima udongo kwa macho na kwa mkono kabla hajatia mbegu. Mwalimu, ambaye shamba lake ni ubongo wa binadamu, aweza kustaafu baada ya miaka 30 ya utumishi mwema bila kupata nafasi ya kujiuliza jinsi ubongo huo unavyoshika jambo, na jinsi unavyoliachia.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kiasi cha kilo 1.4, yaani karibu sehemu mbili katika mia za uzito wa mwili wake. Hata hivyo, hula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote ambazo mwili hutumia unapopumzika. Mwaka 2009 wanasayansi wa Brazil walizihesabu seli za neva zilizomo wakapata kiasi cha bilioni 86. Seli hizo hupashana habari kwa kupitia viungio vidogo mno viitwavyo sinapsi, na seli moja yaweza kuwa na maelfu ya viungio hivyo. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walitangaza jambo waliloliona katika ubongo wa sungura huko Oslo: njia ya neva ikishtuliwa tena na tena, viungio vyake huitikia kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo haiondoki mara moja bali hudumu kwa saa nyingi. Naye Eric Kandel wa Marekani, kwa kumchunguza konokono wa baharini asiye na gamba la nje, alionyesha kwamba mnyama ajifunzapo jambo, viungio vya neva zake hubadilika nguvu, na jambo likidumu hata idadi yake hubadilika. Kwa kazi hiyo alishirikishwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Maana ya matokeo hayo kwa mwalimu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Elimu haimiminwi kichwani kama maji mtungini. Kujifunza ni badiliko la mwili, sawa na mkono wa mlimaji unavyokomaa kwa jembe. Hakuna mtu ambaye angetazamia mikono ya kijana ikomae kwa kukaa kivulini akimtazama baba yake analima. Lakini ndivyo inavyotazamiwa darasani, kwamba mwalimu atende kazi yote ya kufikiri mbele ya ubao, na vichwa vya watoto walioketi kimya vikomae.

Wa kwanza kuupima usahaulifu kwa hesabu alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio mwenyewe. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa mafungu mpaka aweze kuzitaja bila kosa, kisha akangoja na kupima ni kiasi gani cha kazi yake kilichosalia. Baada ya dakika 20 alikuwa amekwisha kupoteza karibu sehemu mbili za tano. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Lakini kutoka hapo hasara ilikwenda polepole, na mwezi ulipokwisha alikuwa bado amebakiwa na sehemu moja ya tano hivi. Ebbinghaus hakuwa mvivu, wala hakuna aliyemwita kichwa kigumu.

Pengine itasemwa kwamba masomo ya shuleni yana maana, na silabi zile hazikuwa nayo. Ni kweli, na jambo lenye maana hukaa zaidi. Lakini maana haimo katika maneno ya mwalimu. Imo katika kichwa cha anayeyasikia. Mtoto wa Darasa la Sita asiyejua Berlin ni nini, wala iko wapi, wala kwa nini watu waliokutana huko mwaka 1884 walikuwa na haki ya kuyazungumza mashamba ya babu zake, huusoma Mkutano wa Berlin kama Ebbinghaus alivyosoma silabi zake. Akiusahau kesho, kipimo kile cha 1885 kilikwisha kulitabiri jambo hilo.

Katika kitabu hicho limo jambo la pili, ambalo halijapata kusikilizwa vya kutosha katika shule. Ebbinghaus aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyofanywa mfululizo. Kazi ilikuwa karibu nusu, na mavuno yalikuwa yale yale. Tangu wakati huo jambo hilo limerudiwa kupimwa mara nyingi mno, kwa watoto na wazee, kwa lugha na hesabu na ufundi, na limesimama. Sasa na litazamwe azimio la kazi la kawaida. Mada ya sehemu hufundishwa mwezi Februari kwa wiki mbili mfululizo. Inapokwisha hutiwa alama ya vema katika shajala, na haiguswi tena mpaka wiki za marudio kabla ya mtihani, wakati shule nzima inakesha na taa za bweni hazizimwi. Mwalimu hakukosa bidii, wala mwanafunzi. Bidii iliwekwa yote mahali pamoja, na ubongo hauna desturi ya kuilipa bidii ya namna hiyo.

Kuna kisa cha mtu mmoja wa Marekani, Henry Molaison, ambacho kila mwalimu angefaidika kukijua. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa kichwa ili aponywe kifafa kikali, na daktari akaondoa sehemu za ndani za ubongo wake pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kile kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuweka jambo jipya katika kumbukumbu. Aliyemsalimia asubuhi alikuwa mgeni tena mchana. Hata hivyo, mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu, Molaison aliimudu kazi hiyo vizuri zaidi siku hata siku, ingawa kila siku aliapa kwamba hajapata kuifanya. Ndipo ilipodhihirika kwamba ubongo una ghala zaidi ya moja. Kujua habari ni jambo moja. Kujua kutenda ni jambo jingine, na hili la pili halipatikani kwa maelezo. Mwanafunzi wa kilimo anayenakili ubaoni hatua za kupandikiza mche amejifunza kuandika hatua za kupandikiza mche.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote katika habari hii ni lile linalohusu kukumbuka kwenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kujifunza hufanyika wakati wa kusoma, na kwamba kuulizwa ni kupima tu kilichokwisha kuingia, kama vile ratili inavyopima gunia bila kuongeza punje. Sivyo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likatakiwa kuandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji wa mara nne waliongoza: walikumbuka sehemu 83 katika mia, na wenzao 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Wasomaji walibakiwa na 40; waliojiuliza walibakiwa na 61.

Zaidi ya hayo, wanafunzi hao waliulizwa mapema kila mmoja anadhani atakumbuka kiasi gani. Waliosoma mara nne ndio waliojiamini zaidi. Kusoma tena na tena kuliyafanya maneno yawe mepesi machoni, nao wakauchukua wepesi huo kuwa ni ujuzi.

Hapo ndipo ile "Ndiyo, mwalimu" inapopata tafsiri yake. Watoto hawasemi uongo. Maelezo ya mwalimu yakiwa bado yananing'inia hewani na ubao ukiwa bado haujafutwa, kila kitu huonekana dhahiri, nao huitikia kwa moyo mweupe. Mwalimu naye hadanganyiki kwa ujinga, maana anachokisikia ni kweli ya dakika ile. Kosa limo katika swali. "Mmeelewa?" humtaka mtoto aseme anavyojisikia, wala halimtaki ubongo wake uende ghalani ukachukue kitu. Na ni ile safari ya kwenda ghalani, hasa ikiwa ngumu kidogo, ndiyo inayoifanya njia kuwa pana.

Wazee wa nchi hii waliufahamu utaratibu huo bila kupima neva za sungura. Jioni, mtegaji alisema "Kitendawili!" na watoto wakajibu "Tega!" Hakutoa jibu papo hapo. Mmoja alijaribu akakosa, wa pili akakosa, wakachekana, wakafikiri tena; na mpaka wote waliposhindwa ndipo mtegaji alipodai apewe mji, akaukubali au akaukataa, kisha akafungua. Kufikia hapo hakuna mtoto aliyekuwa amesinzia. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mtu aliyejaribu kujibu akakosa, kisha akaonyeshwa jibu sahihi, aghalabu hulishika kuliko yule aliyepewa jibu tangu mwanzo. Vivyo hivyo katika vyuo vya Kurani vya Pwani na Visiwani: mtoto haendi mbele mpaka amsomee mwalimu wake kwa moyo alichopewa jana, na hurudishwa mara kwa mara kudurusu za nyuma. Yawezekana kulaumu kwamba maana hucheleweshwa mno katika vyuo hivyo, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kwa upande wa kuhifadhi, yule mwalimu aliyeketi mkekani alifanya kile ambacho shule za madawati hazikukifanya: alimsikiliza kila mtoto peke yake, bila kitabu, kila siku.

Hapana budi kutenganisha hapa mambo mawili ambayo yamezoewa kuitwa kwa jina moja. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliukosoa mtihani uliofanywa kuwa mungu wa shule, ambao hupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa siku ya kutakiwa. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pia. Maamuzi hayo yalilenga mtihani wa kuchuja, ule unaomwinua mmoja na kumshusha mwingine, na yalilenga mahali panapostahili. Baadhi ya watu, hata hivyo, waliyaelewa kana kwamba kumwuliza mtoto maswali ni mabaki ya ukoloni. Wengine walikwenda upande wa pili: walihesabu alama za kila jaribio dogo, mpaka jaribio la Ijumaa nalo likawa mahakama. Elimu ya ubongo haiungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Mtoto anahitaji kuulizwa mara nyingi zaidi kuliko anavyoulizwa sasa, na mara nyingi ya hizo zisiandikwe popote.

Itasemwa kwamba madarasa ni makubwa. Ni makubwa kweli. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kusahihisha madaftari 90 kila jioni na bado akawa binadamu. Lakini jambo linalotakiwa halihitaji kalamu nyekundu. Kipindi kinapoanza, madaftari hufungwa. Kila mtoto huandika katika kipande cha karatasi, au hata katika kibao cha chaki, mambo matatu ya somo la jana na moja la mwezi uliopita. Dakika tano zikiisha humgeukia jirani yake wakalinganisha; kisha mwalimu huandika majibu ubaoni, na kila mtu hujisahihisha. Mwalimu hupita kati ya madawati akitazama ni swali gani limewashinda wengi, maana hilo ndilo la kufundishwa upya kabla ya kuendelea. Karatasi hutupwa. Hakuna alama, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Katika hesabu, maswali ya zoezi huchanganywa, ya eneo pamoja na ya mzingo na ya asilimia, ili mtoto alazimike kutambua ni njia ipi inayotakiwa. Zoezi lenye maswali 20 ya namna moja humfundisha kuinakili njia aliyoitumia dakika moja iliyopita.

Liko jambo jingine kuhusu ubongo ambalo linagusa mahali penye maumivu. Ghala la kumbukumbu ni kubwa mno, lakini meza ya kazi iliyo mbele yake ni ndogo. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani alikadiria kwamba mtu aweza kushika kwa mara moja vitu kama saba hivi. Watafiti waliomfuata wamekishusha kiasi hicho hadi karibu vinne. Ni kama meza ya fundi cherehani: akiweka kitambaa, mkasi, futi na kiberiti cha vifungo, hana tena pa kuweka kiwiko. Maelezo yote ya mwalimu hupitia mezani hapo. Yakiwa mengi mno kwa mara moja, yanayozidi huanguka chini, na hakuna jitihada ya mtoto iwezayo kuyazuia.

Sasa na afikiriwe kijana aliyemaliza shule ya msingi ya Serikali, aliyejifunza usanisinuru kwa Kiswahili, akajua jani hufanya nini na jua. Anaingia Kidato cha Kwanza. Jani ni lile lile na jua ni lile lile, lakini mwalimu anazungumza Kiingereza. Kijana hushika neno la kwanza, hulitafuta maana, na kabla hajaipata la nne limekwisha kupita. Meza yake yote imejaa maneno. Biolojia haina pa kukaa. Anachoweza kufanya ni kunakili na kukariri, naye hufanya hivyo kwa bidii ya kuhuzunisha. Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake ungali hai. Wanaotetea Kiingereza wana hoja za biashara, za ajira na za elimu ya juu, na hoja hizo hazidharauliki. Lakini katika hesabu yao aghalabu hukosekana gharama hii ya meza ndogo, ambayo hailipwi na mtoto wa mjini aliyekuzwa kwa Kiingereza, bali hulipwa na mtoto wa kijijini, kila kipindi, miaka minne. Wakati mjadala ukiendelea, mwalimu anaweza kupunguza mzigo: kufundisha maneno matano mapya ya somo kabla ya somo lenyewe, kwa lugha inayoeleweka, kuchora, kusimama kila baada ya hatua na kumtaka mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe, hata kama maneno hayo si ya lugha ya mtihani.

Hofu nayo hukaa mezani hapo hapo. Mtoto anayeutazama mkono wa mwalimu kuona kama umeshika fimbo ameitoa nafasi ya thamani kubwa kuliko zote alizo nazo. Huenda akalikumbuka tukio la kuchapwa maisha yake yote, kwa kuwa ubongo huliandika jambo la hatari kwa wino mzito. Lakini kanuni ya hesabu iliyokuwa ubaoni wakati ule haimo katika kumbukumbu hiyo.

Yapo mambo mengine ambayo hayamo mikononi mwa mwalimu peke yake. Kiungo kinachokula sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili hakiwezi kufanya kazi vizuri kwa mtoto aliyetembea kilometa nyingi na tumbo tupu, na kwa hiyo uji wa shuleni ni kifaa cha kufundishia, wala si sadaka. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyaimarisha ya mchana. Mkesha kabla ya mtihani hula mbegu. Kadhalika, upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito huudhuru ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, na hasara hiyo haifidiwi baadaye na mwalimu yeyote. Ndiyo sababu, tangu katikati ya miaka ya 1980, vidonge vya madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na baadaye ikaamriwa chumvi itiwe madini hayo. Afisa wa biashara anayeikagua chumvi sokoni anafanya kazi ya elimu, ingawa huenda hajapata kuambiwa hivyo.

Inafaa pia kuonya juu ya bidhaa bandia, maana habari za ubongo zimekuwa na wachuuzi wake. Husemwa katika semina kwamba binadamu hutumia sehemu kumi tu katika mia za ubongo wake. Si kweli, ubongo wote hutumika. Husemwa kwamba wapo watoto wa ubongo wa kushoto na wa ubongo wa kulia, au kwamba mmoja hujifunza kwa macho tu na mwingine kwa masikio tu, na kila mmoja afundishwe kwa namna yake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Marekani walioipitia hoja hii ya pili hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuitumia mashuleni. Fedha za semina zingefaa kununua chaki.

Na kwa wanaodhani kwamba baada ya utoto mlango umefungwa, kuna ushahidi wa kinyume. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake walitangaza uchunguzi wa ubongo wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Baadhi hawakujua kusoma, baadhi walijifunza ukubwani, na baadhi walisoma tangu utotoni. Kwa wale waliojifunza ukubwani, sehemu ya ubongo inayotambua maandishi ilikuwa imeamka na kufanya kazi kama kwa wengine, ingawa wengi wao hawakufikia wepesi wa waliosoma tangu utoto. Mama wa makamo aliyeketi chini ya mwembe na daftari la kisomo, katika kampeni iliyoanza na Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima wa 1970, alikuwa anaugeuza ubongo wake, na vijana waliomcheka hawakujua walichokuwa wakikitazama. Waliorudi katika ujinga baadaye ni wale waliopewa cheti wakakosa cha kusoma. Njia isiyopitwa huota nyasi.

Limebaki neno kwa wale wa ofisini. Mkaguzi wa shule, ambaye siku hizi huitwa mthibiti ubora, afikapo shuleni huletewa azimio la kazi, maandalio ya masomo na shajala, naye hutazama kama mada zimekwisha kwa tarehe zilizopangwa. Vitabu hivyo husema mwalimu alifundisha nini. Havisemi mtoto amebaki na nini. Mwalimu anayesimama wiki nzima ili kuirudia mada ya zamani huonekana amechelewa, na pengine huandikiwa barua, na aliyekimbia mbele ya watoto wake huonekana hodari. Mambo hayo yangeanza kugeuka kwa gharama ndogo sana. Shajala ingeongezwa safu moja, ya tarehe ambayo mada itaulizwa tena. Na mthibiti, kabla ya kufungua kitabu chochote, angewaita watoto watano wasiochaguliwa na mwalimu, madaftari yao yakiwa yamefungwa, akawauliza kwa upole walichojifunza mwezi uliopita.